Suruali Iliyochanika Makalioni

Siku zile za mwanzo wa ndoa yangu, kilichomrudisha mume wangu nyumbani ni suruali kuchanika. Msidhani natania. Alikuwa mmoja wa vibarua wa wapima ardhi, miaka ile ya hamsini walipozunguka nyanda hizi za juu kutoka kilima hadi kilima. Mzungu wa kupima alisimama chini na darubini yake ya miguu mitatu, na ilibidi mtu apande hadi juu ya jabali, achomeke bendera na kupanga mawe yawe nguzo, ili darubini ipate cha kutazama. Mtu huyo alikuwa mume wangu. Alikulia kwenye majabali ya Uhehe akifuata mbuzi, na pale wengine walipotafuta njia ya kuzunguka, yeye alikuwa ameshafika juu na anawatupia kamba.

Serikali iliwapa kaptula na sweta. Kaptula ni nguo nzuri kwa mtu wa barabarani, lakini jabali linakula magoti. Kila kibarua alijitafutia suruali yake, na ya mume wangu niliishona mimi kwa mkono, kwa sababu masista wa Tosamaganga walinifundisha sindano na fundi cherehani alikuwa ghali. Ilipochanika aliomba ruhusa, na Mzungu alimpa upesi, maana hakupenda kuona bendera yake ikipandishwa na mtu aliye nusu uchi. Kwa hiyo mimi nilipoona magoti yaliyotatuka yamesimama mlangoni, nilifurahi. Wanawake wengine waliletewa sukari, mimi nililetewa matambara, na sikutaka kubadilishana nao.

Suruali ya kwanza tuliichagua pamoja katika duka la Mhindi mmoja mjini Iringa, picha ya Malkia ikiwa bado mpya ukutani. Nilimkuta mume wangu anapapasa nguo za kafa ulaya, zile kuukuu zilizokuja kwa marobota kutoka ng'ambo, ambazo watu walisema ni za Wazungu waliokufa. Kulikuwa na suruali moja ya kodrai, kile kitambaa cha michirizi chenye manyoya, nene, rangi ya udongo, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya kitambaa kipya. Alishaanza kujipima kiunoni.

"Iache hiyo," nilimwambia.

"Kwa nini? Ona ilivyo ngumu. Hii jiwe haliiwezi."

Niliigeuza upande wa ndani. Kwenye goti palikuwa na kiraka kidogo, kimeshonwa vizuri sana kwa uzi wa rangi ileile. Mwanamke fulani huko Ulaya alikaa akamshonea mumewe. Niliwaza kazi ya mkono wake ikigusa goti la mume wangu huko milimani, na wivu ukanishika, wivu wa kweli, juu ya mwanamke nisiyemjua ambaye huenda naye alikuwa kaburini. Nilimwambia kodrai ikilowa inakuwa nzito na haikauki, na hilo pia lilikuwa kweli.

Mwenye duka alitutandazia vitambaa vyake. Gabadini ilikuwa laini na nzuri, lakini hiyo ni ya mtu wa kwenda ibadani. Kaki nyepesi ilionekana mwanga ukipita katikati. Kaki ya drili, ile nzito, ilitupendeza wote wawili mpaka tulipouliza bei. Nilimwambia mume wangu achuchumae hapohapo dukani, avute goti hadi kifuani, halafu anyooshe mguu juu ya gunia la sukari, nami nikapima kwa kamba huku wateja wakicheka. Wacheke. Suruali ya kupandia mawe haipimwi mtu akiwa wima, inapimwa akiwa amepiga msamba, na pale kwenye msamba lazima uongeze kipande cha pembe nne, la sivyo hatua ya kwanza ndefu inakuacha wazi mbele ya watu. Mwisho tulichukua kaki ya katikati, si nyepesi wala si ile nzito, maana ndiyo mfuko uliyokubali.

Kaki ile ilinitumikia vizuri. Magoti yaliisha, mume alirudi, niliweka magoti mengine, akaondoka. Kikosi kilipohamia upande wa Mbeya niliogopa kwamba umbali utamzuia, lakini jabali la Mbeya nalo lilikuwa na meno, na alirudi vilevile. Katika safari moja kama hiyo nilimwambia nina mimba. Alinitazama tumbo ambalo bado halikuwa na kitu cha kutazamwa, akafunga mzigo wake, akapanda basi.

Baada ya hapo alikawia. Nilihesabu, nikaacha, nikahesabu tena. Alipokuja hatimaye, nilitazama magoti kwanza kama kawaida yangu, na magoti yalikuwa mazima. Alipogeuka kuweka mzigo chini ndipo nilipoona makalio. Palikuwa na kiraka cha bluu, kikubwa, kimezungushiwa mshono mdogo mdogo uliobana sana. Masista wangeusifu mshono ule. Wangu hawakuwahi kuusifu hivyo.

"Nani kakushonea?"

"Mama mmoja pale kambini, Mbalizi. Anauza chai."

"Mama mmoja wa umri gani?"

"Mtu mzima tu."

"Mtu mzima kama mimi, au mtu mzima kama mama yako?"

Akacheka, akauliza kama kuna ugali. Mwanamume akiulizwa umri wa mwanamke akajibu kwa kuomba ugali, jibu umeshalipata. Nilimpa ugali wake, lakini mboga niliichelewesha makusudi.

Alikaa siku chache, akarudi kazini na kiraka chake cha bluu, maana kilikuwa imara na mimi sikuwa na sababu ya kukifumua isipokuwa chuki. Kabla hajaondoka niliifua suruali ile nikaianika. Jirani yangu alikuja uani, mke wa karani wa Boma. Huyu naye nilimwonea wivu siku zote, kwa sababu mumewe alirudi kila jioni akiwa na kofia yake na gazeti lake. Alisimama mbele ya kamba yangu ya nguo akainamisha kichwa.

"Shoga, hii imeisha kama ya mume wangu. Palepale."

"Mume wako anapanda mawe?"

"Anapanda kiti," alisema. "Hii ni ya kukaa, mama. Mtu anakaa, anakaa, mpaka kitambaa kinachoka."

Maneno hayo yaliingia mwilini mwangu yakakataa kutoka. Mimi mshonaji nilipaswa kuliona hilo mwenyewe. Suruali haina siri kwa anayeishona: mtu wa kupiga magoti utamjua, mtu wa kuegemea kuta kwa bega utamjua. Mpanda mawe anaisha magoti. Huyu wangu magoti mazima, makalio yamekwisha, basi hapandi tena, anakaa. Anakaa wapi? Mahali penye chai, penye mwanamke, penye uzi wa bluu. Alianza kukaa lini? Tangu nimwambie habari ya mimba. Kesi nzima niliijenga juu ya kitambaa, na kila nilipoikagua niliona haina tundu.

Na kulikuwa na jambo lingine baya zaidi. Kama yuko mtu Mbalizi wa kutia kiraka, basi suruali ikichanika hana haja ya kuja Iringa. Yule mwanamke alikuwa amenichukulia njia ya mume wangu ya kurudi nyumbani.

Nilishona suruali mpya ya kaki nusunusu, nikaitia kikapuni ili niwe na kisingizio, nikapanda basi la Mbeya. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na barabara ilinitupa huku na huku. Baridi ya Makambako ilipita kwenye mbao za sakafu ya basi. Nilishukia kwa shangazi yangu, Ilomba, nikalala, na asubuhi nikapata lori linalokwenda Mbalizi. Shangazi alitaka nipumzike. Nilimwambia nitapumzika nikishaona.

Kambi ilikuwa nje kidogo ya barabara, chini ya kilima chenye jabali kubwa jeusi. Mahema ya wapima yalikuwa upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na kibanda cha nyasi, birika jikoni, sufuria la viazi, na benchi. Benchi nililitazama sana. Ubao wake ulikuwa umeng'aa kwa kukaliwa. Mwanamke alikuwa ameinama juu ya suruali ya mtu, uzi mdomoni. Alipoinua uso nikaona ni mdogo kuliko mimi, na alipotabasamu nikaona ana mwanya.

"Kamwene," nilimsalimu kwa Kihehe, makusudi, ajue nimetoka wapi.

"Ndaga, dada. Karibu chai. Umechoka wewe, kaa."

"Sikai." Nilimwambia namtafuta mume wangu, yule wa kupanda na kamba.

Akapiga makofi. "Eh! Kumbe wewe ndo mke wake? Mi nilijua zile suruali anashonaga fundi wa mjini! Uzi wako haufai huku, dada. Unakatika katika tu."

"Nani kakuuliza habari ya uzi?"

"Si mume wako? Kila akishuka ananiletea hayo makalio yake, shona, shona. Hawa wengine nawashonea magoti. Yeye nyuma tu."

Alisema hivyo akicheka, bila ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Birika la moto lilikuwa karibu na mkono wangu, nami nikauondoa mkono.

"Anakaa hapa?" nikamwonyesha benchi.

"Nani, yeye? Huyo hakai. Chai yake anakunywa amesimama."

"Sasa suruali inaishaje nyuma kama hakai?"

Alinitazama, akatazama tumbo langu, akaacha kucheka. Akanyoosha kidole kwenye jabali. "Wako juu sasa hivi. Watashuka. Nenda kaone mwenyewe, mi nikikwambia hutaniamini."

Nilikwenda nikasimama kwenye nyasi, kikapu mkononi. Juu kabisa niliona bendera na watu wadogo. Wakaanza kushuka mmoja mmoja. Wa kwanza alishika kamba, akalielekea jiwe, akaruka ruka kwa miguu hadi chini. Wa pili vilevile. Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa akishuka siku zote. Nilimwona kwa macho yangu kwenye majabali ya kwetu tulipokuwa wachumba, na wakati mwingine hata kamba hakushika.

Halafu akaja yeye. Akafika kwenye ukingo, akakaa. Nasema akakaa, makalio juu ya jiwe, viganja viwili vimetandazwa huku na huku, kamba imepita kwapani. Akanyoosha kisigino, akapapasa, akajivuta kidogo, akasimama hapo, akapapasa tena. Jiwe lilikuwa la kukwaruza, na nilisikia kaki ikilia hadi pale niliposimama. Chini wenzake walikuwa wameshajipanga kama watu wa mpirani.

"Mpisheni baba mtoto!" mmoja alipiga kelele. "Baba mtoto anashuka!"

"Mletee mto akalie!"

Yeye hakuinua macho kutoka kwenye kisigino chake. "Chekeni tu," aliwajibu. "Nyie hamna mtu anayewangoja."

Msidhani wivu wangu ulikwisha pale. Uliongezeka. Ndiyo, nililia kidogo, lakini papo hapo nilikuwa nimekasirika. Kambi nzima ilijua. Vibarua walijua, Mzungu na darubini yake alijua, mwanamke mwenye mwanya alijua, tena alikuwa akilishika jambo hilo mikononi kila wiki na kulitia uzi. Mimi mwenye tumbo lenyewe nililetewa kiraka na ombi la ugali.

Aliponiona alishtuka, akaweka mikono nyuma.

"Geuka," nilimwambia.

"Umekuja lini? Kuna nini nyumbani?"

"Geuka kwanza."

Akageuka. Kiraka cha bluu kilikuwa kimetoboka katikati. Mshono wa pembeni ulikuwa umesimama imara, mshono mzuri ule, lakini kitambaa chenyewe kilikuwa kimekwisha. Nilitazama kikapuni mwangu, suruali mpya ya kaki, nikajua haitafika popote.

Nilikaa kwenye benchi lile baada ya yote, maana nilikuwa nimechoka, na nikafikiri. Nikimwachia kaki, itachanika. Na ikichanika, ama atanirudia mimi, ama ataipeleka pale kwenye kibanda, hatua chache tu. Nikimtafutia kitu kisichochanika, yule mwenye mwanya hatagusa makalio ya mume wangu tena maishani. Lakini na mimi nitakuwa nimeufunga mlango wangu mwenyewe. Mzungu hamruhusu mtu kusafiri hadi Iringa na suruali nzima. Mtoto atazaliwa, baba yake yuko juu ya jiwe la Mbeya, amevaa vizuri. Niligeuza jambo hilo kila upande na kila upande liliniuma. Kilichonikatia shauri ni picha moja iliyonijia: yuko katikati ya jabali, kaki inaachia, na yeye kwa aibu anatoa mkono mmoja kwenye jiwe ili ajifunike.

Kando ya barabara madereva wa malori walikuwa wakipumzika. Mmoja alikuwa na turubai la zamani, limetoboka hapa na pale, na aliniuzia kipande kwa bei ya bure, akidhani nataka kuanikia mahindi. Nililichemsha kwa maji ya majivu ili lilainike, nikalipiga juu ya jiwe mpaka mikono ikauma. Turubai tupu halifai suruali, mtu hawezi kukunja goti. Kwa hiyo miguu niliiacha ya kaki, nikaweka turubai kwenye makalio, mkunjo juu ya mkunjo, likashuka hadi nyuma ya mapaja, na kipande cha msamba nikakipanua. Sindano yangu ilivunjika mara moja. Ikabidi nimwombe yule mwanamke shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wake pia, kwa sababu kweli wangu ulikuwa unakatika. Alinipa vyote akakataa malipo. Ningependa sana angeyapokea.

"Hii sasa," alisema akiupapasa mshono wangu, "haichaniki mpaka mtoto aote meno."

Alidhani ananisifu.

Mume wangu aliivaa mbele ya kambi nzima. Akachuchumaa, akavuta goti kifuani, akanyoosha mguu juu ya benchi. Suruali ilitoa sauti kama hema linalokunjwa. "Amevaa lori!" walisema wenzake, na jina hilo lilimkaa. Kesho yake nilimwona akishuka nayo, makalio yameshika jiwe bila kuteleza, halafu nikapanda basi nikarudi Iringa.

Nikaanza kungoja. Niliichukia suruali ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Yenyewe ilikuwa naye kila siku, ilimkumbatia kwenye baridi, ilijua alipo. Jirani yangu, mke wa karani, aliniuliza kila alipokuja kuomba moto, "Bado haijachanika tu?" na nyuma yake nilisikia mumewe akikohoa nyumbani kwake, yupo, amerudi, amekaa kwenye kiti. Nilijuta kuwa nilishona mikunjo miwili. Mmoja ungetosha. Nilimwaza yule mwanamke na mwanya wake, sasa hana kiraka cha kumshonea, lakini chai bado anayo. Tumbo lilikua mpaka sikuweza tena kuinama kupuliza jiko.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu walikuwa wameanza kuchonga mianzi kwa ajili ya pombe ya ulanzi. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage nilipoona miguu ya kaki imesimama mbele yangu. Sikuinua uso. Nilitazama magoti, mazima.

"Geuka," nilisema.

Akageuka. Turubai lilikuwa limechubuka na kuwa jeupe, basi. Nilimwambia aivue, akavaa shuka, nikaigeuza suruali ndani nje nikaikagua mshono kwa mshono, mwanga wa mlangoni ukiniangazia, nikitafuta mkono usio wangu. Hakuna uzi uliokatika, hakuna uliorudiwa. Yote ilikuwa kazi yangu.

"Haijachanika," nilimwambia, na niliisikia sauti yangu ilivyo kali. "Mzungu umemdanganya nini?"

"Sikumdanganya kitu."

"Umefuata nini basi, na suruali ni nzima?"

Alikuwa ameshachuchumaa kando yangu na shuka lake, ameanza kuchambua maharage, anaacha mabovu na kutupa mazuri.

"Kwani mpaka ichanike?"